Hoja Tano za Amosi: Ari ya Mwanafunzi wa Eastlands katika Masomo ya Kiswahili na Dini

Yapo madai ambayo yamerudiwa mno katika makongamano ya walimu, katika kurasa za maoni za magazeti, na hata katika tasnifu za vyuo vikuu, hadi yamekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Inadaiwa kwamba mwanafunzi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi hana ari. Hana ari ya Kiswahili kwa kuwa Sheng imemharibu ulimi. Hana ari ya somo la dini kwa kuwa mji umemharibu moyo. Asemaye hivi aghalabu hutikisa kichwa, hutaja matokeo ya mtihani, kisha hupendekeza Sheng ipigwe marufuku langoni mwa shule na vipindi vya maadili viongezwe. Makala haya yanakusudia kuyapinga madai hayo toka shinani. Ari ipo, tena tele. Kilichokosekana ni shule inayoitambua inapoiona. Na lawama hii haiwaendei walimu peke yao, ambao wengi wao hufundisha madarasa yaliyofurika kwa mshahara usiokidhi. Inawaendea zaidi watungaji wa mitaala na mitihani, na inawaendea wahakiki wa fasihi ya Kiswahili walioko vyuoni, ambao wamekubali bila ubishi kwamba dini si shughuli yao.

Inafaa kuanza na majina ya mitaa yenyewe, maana mhakiki hana ruhusa ya kuipita matini iliyoandikwa kwenye mabango ya barabarani. Kandokando ya Barabara ya Jogoo na nyuma yake ipo Shauri Moyo, ipo Bahati, ipo Maringo, ipo Makadara, neno la majaliwa ya Mungu. Ipo Jericho na ipo Jerusalem, miji miwili ya Biblia iliyohamishiwa kwenye udongo mweusi wa Nairobi. Upande mwingine ipo Huruma, na mbele zaidi Umoja. Pumwani, iliyotengwa kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ina jina la mahali pa kupumua. (Mbotela na Ofafa ni majina ya watu waliouawa katika misukosuko ya miaka ya 1950, na habari zao zataka makala yake zenyewe.) Mtoto alalaye Huruma, akawa na shangazi Jerusalem na kanisa Bahati, anaishi ndani ya msamiati wa Kiswahili na wa maandiko matakatifu kwa pamoja. Ni nadra aulizwe darasani jina la mtaa wake lina maana gani, lilitoka wapi, na kwa nini mtaa wenye jina la rehema uwe na maji ya kununua kwa mtungi.

Kadhalika haiwezekani kusema kwamba mtoto huyo hakisikii Kiswahili cha daraja ya juu. Anakisikia kila juma. Siku ya Ijumaa, katika misikiti ya Pumwani na Eastleigh, Kiarabu cha aya hufuatwa na ufafanuzi wa Kiswahili. Siku ya Jumapili, katika makanisa ya mawe na katika yale ya mabati, waumini husomewa Biblia ya Kiswahili, huombewa kwa Kiswahili, huimba kwa Kiswahili. Katikati ya juma wapo wahubiri wa Gikomba na Muthurwa, wanaopaza sauti kuishinda honi ya matatu. Na ipo mikutano ya injili ya uwanjani, ambapo mhubiri husema kwa Kiingereza na mkalimani wake akamdaka neno likingali hewani. Mkalimani huyo angestahili sura nzima katika vitabu vya fasihi simulizi. Yeye ni fanani hasa. Huiga ishara za mhubiri, huinua sauti anapoinua, hurefusha pale Kiingereza kilipokuwa kifupi mno, na mara nyingine huisahihisha hoja ya bwana wake bila ya bwana wake kujua. Vijana hukaa saa nyingi kwenye vumbi wakimsikiliza. Hawa ndio wale wale wanaosemwa kwamba hawawezi kuvumilia kipindi cha dakika arobaini.

Lugha wanayoisikia huko ina historia ndefu, na yafaa itajwe kwa kuwa shule haiitaji. Johann Ludwig Krapf alianza kuifasiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka wa 1844 akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Baada yake walikuja Steere wa Unguja na wengine, hadi Biblia ya pamoja ya Kiswahili ikachapishwa mwaka wa 1952. Kwa upande wa pili, tafsiri ya Kurani ya Kasisi Godfrey Dale ilitoka mwaka wa 1923, ile ya Waahmadiyya ikatoka Nairobi mwaka wa 1953, na ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy ikakamilika kuchapishwa mwaka wa 1969, papo hapo Nairobi, mwandishi wake akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi hizi ni miongoni mwa nathari ndefu, nzito na zinazosomwa zaidi katika lugha ya Kiswahili. Hakuna riwaya iliyosikika Eastlands kwa sauti mara nyingi kama Biblia ya 1952. Na hata hivyo, atakayezitafuta katika orodha za vitabu vya kozi za fasihi ya Kiswahili atachoka bure. Riwaya zimo, tamthilia zimo, diwani zimo. Nathari iliyolisha sikio la taifa haimo.

Sasa liangaliwe linalotendeka siku ya Jumatatu. Katika shule za upili za Kenya, Elimu ya Dini ya Kikristo na Elimu ya Dini ya Kiislamu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halimshangazi mtu, na hapo ndipo penye ajabu. Mwanafunzi aliyelisikia neno la Mungu kwa Kiswahili jana anaamka leo kulijibia kwa lugha ambayo hakuwahi kuombea, hakuwahi kuungamia, wala hakuwahi kumzikia mtu wake. Toba inageuka kuwa neno la kamusi. Neema, rehema, dhamana, agano, fidia, maneno ambayo bibi yake huyatia katika sala zake bila kusita, yanafika darasani yakiwa yamevuliwa nguo na kuvishwa nyingine. Mtaala mpya wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019 umebadilisha mengi, ukaja na istilahi zake na hekaheka zake; hili haukuligusa. Kisha wakuu wa elimu hukutana kuulizana kwa nini vijana hawalipendi somo la dini.

Mfano mmoja utatosha, nao haukutokea mbali. Mtaala wa 8-4-4 wa Elimu ya Dini ya Kikristo umempa nafasi Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa aliyewakemea matajiri wa Samaria na ibada zao zilizonona. Mwanafunzi huandaliwa kwa maswali ya kutaja: hoja tano za Amosi kuhusu dhuluma, njia tano ambazo Mkristo wa leo anaweza kuendeleza haki. Mwanafunzi hukariri tano hizo, huziandika, hupata alama zake. Mnamo Novemba 2024, Rais William Ruto alitoa fedha kwa Kanisa Katoliki la Soweto, huko huko Eastlands. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alitangaza kwamba fedha hizo zingerudishwa, akisema kwamba kanisa halipaswi kutumiwa kwa siasa. Nchi nzima ilibishana. Kwenye vibanda vya chai na ndani ya matatu, vijana waliulizana: sadaka ya mkubwa ni sadaka au ni hongo? Mungu anapokea kutoka kwa mkono gani? Kwa maneno mengine, waliuliza swali la Amosi, wakaliuliza kwa Kiswahili na kwa Sheng, wakaliuliza kwa hasira. Hapo ndipo mwalimu mwenye uhuru angelifunga daftari la hoja tano na kuifungua Biblia ya Kiswahili, kitabu chenyewe cha Amosi, ambacho ni kifupi na chasomeka kwa kikao kimoja. Lakini mwongozo wa kusahihisha hauna alama za Soweto.

Si kwamba Kiswahili chenyewe kimepata bahati zaidi. Somo la Kiswahili limekuwa la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, na Katiba ya 2010 ikakiinua kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Yote hayo ni ushindi, na wapo waliovuja jasho kuupata. Hata hivyo, katika kupigania kiti cha mtihani, Kiswahili kilikubali kukalia kiti hicho kwa masharti ya mtihani. Mintarafu ya fasihi, matokeo yake ni kwamba somo la Kiswahili limeiga tabia mbovu kabisa ya somo la dini la zamani, yaani katekisimu. Ipo swali moja, lipo jibu moja, na jibu huja kabla ya kusoma. Badala ya riwaya, mwanafunzi hushika mwongozo wa riwaya. Humo hukuta dhamira zimekwisha kupangwa, wahusika wamekwisha kuhukumiwa, tamathali zimekwisha kuhesabiwa na kurasa zake kutajwa. Anakariri kwamba mhusika fulani ni mnafiki, mwenye tamaa, katili na mwepesi wa hasira, naye hajakutana na mhusika mwenyewe. Na miongozo hiyo, yafaa kusema bila kuuma maneno, baadhi yake imetungwa na wahakiki wa vyuo vikuu, wale wale ambao katika majarida yao huandika kwamba matini haina maana moja.

Chukua Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya Ken Walibora iliyotahiniwa shuleni kwa miaka kadhaa. Wahusika wake wawili wakuu ni Amani na Imani. Kijana wa Kayole aliyelelewa kanisani au madrasani hahitaji mtu wa kumwambia kwamba majina hayo yana uzito. Ameyasikia yakisemwa pamoja tangu utotoni. Angeweza kuuliza: kwa nini Imani huteswa? Kwa nini Amani hana nyumba? Je, mwandishi anaamini kwamba viwili hivyo vyaweza kukaa katika nchi iliyotawaliwa kwa wizi wa ardhi? Hayo ni maswali ya fasihi na ni maswali ya dini, na hayagawanyiki. Darasani hugawanywa. Mwalimu wa Kiswahili atasema kwamba hiyo ni mbinu ya majazi, aandike jina la mbinu, apewe alama moja, waendelee. Vivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed: unafiki wa Maksuudi ulitajwa kama "dhamira", ukapigiwa mstari, na mwanafunzi asijaribiwe kuulinganisha na unafiki anaoujua kwa jina na kwa mtaa.

Katika ushairi hasara ni kubwa zaidi, na hapa makala yataka kukaa kidogo. Mwanafunzi hufunzwa kuhesabu. Huhesabu mizani, huhesabu mishororo, hutaja bahari kwa majina yake kana kwamba anataja vituo vya basi. Mgogoro wa wanajadi na wanamapinduzi, uliowaka tangu miaka ya 1960 hadi baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi (1974), ulihusu jambo zito: nini hulifanya shairi la Kiswahili kuwa shairi, na nani mwenye haki ya kuamua. Ulipofika shuleni ulikuwa umegeuka swali la kutofautisha shairi huru na shairi la arudhi, kwa alama mbili. Sasa, yupo mtoto wa Majengo, Pumwani, aendaye madrasa. Anazijua kasida kwa moyo. Anajua sauti inapopandishwa na inapokatwa, anajua kina kinaposubiriwa na hadhira nzima kabla hakijatamkwa. Mizani hazihesabu kwa vidole. Anazo kwenye pumzi. Mtoto huyu aingiapo darasani la Kiswahili huambiwa kwamba ushairi ni somo gumu. Hakuna amwambiaye kwamba alichokifanya jana usiku baada ya Isha ndicho kile kile. Wala mwalimu wa somo la dini hamwambii, kwa sababu kasida haimo katika silabasi yake na utenzi ni mali ya idara nyingine.

Lakini nani alizitenganisha idara hizi? Waswahili hawakuzitenganisha. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate ni waadhi na ni kilele cha sanaa kwa pumzi moja. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya fahari ya Pate yaliyobaki magofu, anauonya juu ya dunia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, ni wosia wa mama kwa bintiye na ni sala ndefu. Katika mapokeo hayo kujifunza lugha, kujifunza dini na kujifunza sanaa kulikuwa tendo moja la mdomo na sikio. Mhakiki wa leo anayeichukua Al-Inkishafi akaichambua jazanda na kuiruka toba, amechambua ngozi ya tunda. Na anayedhani kwamba utungo huo hauwezi kueleweka Eastlands kwa kuwa ni wa pwani na ni wa zamani, na aende Dandora. Mtoto anayeishi ukingoni mwa jaa la taka la jiji, anayeona kila siku vitu vilivyokuwa vya thamani majumbani mwa matajiri vikifika kwa lori vikiwa vimeoza, anajua mwisho wa fahari kwa namna ambayo mtoto wa mtaa wa kifahari hawezi kuijua. Akisomewa magofu ya Pate kwa sauti, kisha akafunguliwa kitabu cha Mhubiri katika Biblia, kisha akaulizwa ni nini kinachoyakutanisha maandiko hayo mawili na lori la taka, darasa halitakosa ari. Litakosa muda.

Inabaki Sheng, mshtakiwa wa kila siku. Inajulikana kwamba wataalamu wengi huitafuta asili yake Eastlands; Abdulaziz na Osinde (1997) walihusisha kushamiri kwake na mitaa hii hii, na wapo wanaoirudisha nyuma zaidi. Inajulikana vile vile kwamba mfumo wake wa kisarufi ni wa Kiswahili kwa kiasi kikubwa. Kijana asemaye "hatujamanga" hajui neno "kula" linaliwa wapi, watasema wakosoaji. Ila amelikanusha tendo, ameutaja wakati na ameitaja nafsi kwa viambishi vya Kiswahili bila kosa hata moja. Kichekesho kilichopo ni hiki. Katika karatasi ya lugha ya mtihani wa kidato cha nne kuna sehemu ya isimujamii, na Sheng ni miongoni mwa mada ambazo mtahiniwa huandaliwa kuzijibu: sifa zake, chanzo chake, athari zake. Kwa hiyo shule humwadhibu kijana anapoisema Sheng, kisha humtahini juu yake kama kwamba ni ugonjwa wa watu wa mbali. Misimu nayo imo katika orodha ya vipera vya fasihi simulizi. Atatoa sifa nne za misimu kwa maandishi. Akiitoa misimu yenyewe kwa mdomo atapiga magoti.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Dandora waliojiita Kalamashaka walitoa wimbo wenye jina "Tafsiri Hii". Jina hilo peke yake ni changamoto kwa idara yoyote ya fasihi. Vijana waliokuwa wametajwa kuwa hawana lugha waliiamuru hadhira yao ifasiri. Walitumia Kiswahili kilichochanganyika na Sheng wakati ambapo muziki wa kufoka wa Kenya ulikuwa ungali ukiigiza Kiingereza cha Marekani, na mashairi yao yalijaa hukumu ya kimaadili juu ya mji. Ni wangapi kati ya wahakiki wetu waliouchukua mwaliko huo kwa uzito siku hizo? Na mnamo Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa ukijadiliwa bungeni, vijana waliusoma wenyewe, wakaufasiri kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakausambaza. Mswada wa sheria ya kodi, ambao hata wabunge wengine hawakuuona kuwa kitu cha kusomwa, ulipata wafasiri wa hiari. Hawakuahidiwa alama. Baadhi yao waliotoka barabarani hawakurudi nyumbani. Mtu awezaye kusimama mbele ya ushahidi wa namna hii na kusema kwamba kizazi hiki hakina ari ya matini, atuonyeshe ari anayoitaka inafananaje.

Mwezi Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, ile simulizi ikiwemo, iwekwe kitovuni. Waraka huo umesifiwa mara nyingi na unastahili sifa. Ulibadilisha vitabu. Namna ya kuuliza haikubadilika. Fasihi simulizi iliingia shuleni, ikageuzwa karatasi. Leo mtahiniwa anaweza kupata alama za juu katika swali la ngano bila kuwahi kusimulia ngano mbele ya mtu, kwa kuwa mtihani wa taifa wa Kiswahili hauna sehemu ya kusema. Ni mahali pamoja tu pa shule ambapo mdomo bado una kazi, nako ni kwenye tamasha za muziki na za drama. Huko wanafunzi hawa hawa hukariri tungo ndefu, huzipandisha na kuzishusha, hulia machozi ya kweli wakishindwa. Halafu hurudi darasani, na mwalimu huandika katika ripoti kwamba hawana bidii.

Itapingwa kwamba kuifungulia dini mlango wa fasihi ni kuligeuza darasa mimbari. Hofu hii inaeleweka katika mitaa ambamo Mwislamu na Mkristo huketi dawati moja. Lakini wanaoitoa hofu hii wamesahau jinsi lugha yenyewe ilivyojengwa. Kadhi alimsaidia Krapf kuifasiri Mwanzo. Kasisi Mwanglikana aliifasiri Kurani, na ingawa Waislamu walikuwa na sababu nzito za kuikataa tafsiri yake, ni kukataa huko kulikowasukuma masheikh kufasiri wenyewe. Maneno ya imani ya Kiswahili, kuanzia dhambi hadi malaika, ni ya pande zote mbili. Hayana stakabadhi ya umiliki. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya Kiislamu imekuwa ikifanyika hadharani Afrika Mashariki, mhadhiri akiwa na Biblia ya Kiswahili mkononi, akilinganisha aya na aya mbele ya umati uliosimama juani. Mihadhara hiyo mara nyingine ilizaa matusi na uhasama, na hakuna haja ya kuipamba. Ila yafaa kuuliza kwa nini kijana anayetaka kulinganisha maandiko kwa Kiswahili apate nafasi hiyo barabarani tu, kwa wanaotaka kumshinda mtu, asiipate shuleni kwa wanaotaka kusoma. Ulinganishi wa matini ni kazi ya mhakiki. Mhakiki akiiacha, mwingine ataiokota.

Pingamizi la pili ni la wazazi, na lina nguvu zaidi. Mzazi wa Kariobangi anayelipa karo kwa biashara ya mboga anataka Kiingereza, kwa maana ameona ni nani huajiriwa. Kumfunza mwanawe dini kwa Kiswahili, atasema, ni kumpunguzia saa za Kiingereza. Jibu ni kwamba saa hizo hazikumpa Kiingereza. Zilimpa orodha za hoja tano zilizokaririwa bila kueleweka. Tena hakuna mwajiri aliyewahi kumwuliza kijana Amosi kwa Kiingereza. Ama kuhusu njaa, karo na chumba kimoja cha watu sita, hayo ni kweli, na hakuna mbinu ya ufundishaji inayoshibisha tumbo. Lakini njaa haielezi kwa nini mwanafunzi yule yule asinzie saa nne asubuhi katika somo la dini na awe macho saa nne usiku katika mkesha.

Hatua zinazotakiwa si nyingi wala si za gharama. Baraza la Mitihani lingeweza kumruhusu mtahiniwa wa somo la dini achague kujibu kwa Kiswahili. Vitabu vitakatifu vyenyewe vimekwisha kufasiriwa, na istilahi zipo tangu kabla ya baraza hilo kuwapo. Taasisi ya kukuza mitaala ingeweza kuingiza sura za Biblia ya 1952 na za tafsiri ya al-Farsy katika usomaji wa fasihi, zikahakikiwa kama nathari, bila kumtaka msomaji asilimu wala abatizwe. Karatasi ya fasihi ingeweza kuwa na sehemu moja ya mdomo. Na idara za Kiswahili vyuoni, badala ya kuwaachia wenzao wa taaluma za dini maandiko na kuwaachia wanaisimu Sheng, zingeweza kumtuma mwanafunzi wa uzamili Jumapili moja kwenye uwanja wa Kamukunji, akiwa na kinasa sauti, akamsikilize yule mkalimani, arudi na kurasa arobaini za uhakiki wake.

Mwalimu mmojammoja hahitaji kuyasubiri yote hayo. Kitabu cha Amosi kina sura tisa. Darasa la wanafunzi hamsini laweza kuzisoma kwa sauti, kwa zamu, katika vipindi viwili, na kipindi cha tatu kikaachiwa swali moja ambalo mwalimu mwenyewe hajui jibu lake: nabii huyu angepanda matatu hadi Soweto Novemba ile, angesimama upande gani wa mlango wa kanisa, na angesema kwa lugha gani?